Ina vigawo, ila hakuna aliyeviona: habari za 2¹²⁷⁷ − 1

Swali: «Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita. Nilikuta orodha ya namba za aina ya 2ⁿ − 1, na kwenye 2¹²⁷⁷ − 1 wameandika kwamba si namba tasa, halafu pembeni yake kwamba hakuna hata kigawo chake kimoja kinachojulikana. Hapo nikakwama. Tangu shule ya msingi nimefundishwa kwamba namba si tasa pale inapogawanyika kwa namba nyingine, ukiacha 1 na yenyewe. Kama hiyo namba nyingine haijulikani, wamejuaje? Au wamekisia tu?»

Marahaba, mwanangu. Hawakukisia. Jambo hili limethibitishwa tangu mwaka 1952, kabla mimi sijazaliwa. Ila sikushangai kukwama, maana ulichofundishwa ni njia moja tu ya kuitambua namba isiyo tasa, nayo ndiyo ndefu kuliko zote: igawe kwa 2, igawe kwa 3, kwa 5, kwa 7, hadi ipasuke.

Tuitazame namba yenyewe kwanza. Ina tarakimu 385. Inaanza na 260, inaishia na 71. Ukiiandika kwa 0 na 1, kama kompyuta inavyoiandika ndani yake, ni moja 1277 zilizopanga foleni, bila sifuri hata moja katikati. Ukiigawa kwa 3 inabaki 1, kwa hiyo 3 si kigawo chake. Ukiigawa kwa 4 inabaki 3, na namba witiri iliyo kipeo cha pili cha namba nyingine lazima ibaki 1, kwa hiyo haiwezi kuwa namba fulani ikijizidisha yenyewe. Unaona tumeshaanza kuzijua tabia zake, na hatujaigawa kwa chochote kikubwa kuliko 4.

Sasa tuseme unataka kuigawa kwa kila namba hadi ufike kwenye kipeuo chake cha pili. Kipeuo hicho kina tarakimu 193. Mashine inayojaribu vigawo trilioni moja kwa sekunde, ingekuwa imeanza kazi tangu mwanzo wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8 iliyopita, hadi leo ingekuwa imejaribu vigawo ambavyo idadi yake ni namba ya tarakimu 30. Tarakimu 30, na safari ni ya 193. Njia ya darasani hapa haifiki popote.

Bibi yangu hakuwahi kununua chungu bila kukigonga. Anakiinua kwa mkono mmoja, anakipiga kwa kidole kilichokunjwa, anasikiliza. Kikilia vizuri anatoa hela. Kikilia kama kimefunikwa shuka anakirudisha chini. Muuzaji akibisha, «Ufa uko wapi bibi, nionyeshe!», yeye anajibu, «Utautafuta wewe, mimi nimeshausikia.» Hicho ndicho walichofanya kwa namba yako. Waliigonga.

Namba inagongwaje? Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyefanya hisabati kwa mapenzi yake tu, aliandika katika barua kanuni hii: kama p ni namba tasa, na a haigawanyiki kwa p, basi a kwa kipeo cha p − 1, ukiigawa kwa p, inabaki 1. Daima. Jaribu 7: 2⁶ ni 64, na 64 ni 63 na 1 juu. Jaribu 13: 2¹² ni 4096, na 4095 inagawanyika kwa 13. Kanuni haina namba tasa inayoikwepa. Sasa igeuze: namba ikibaki kitu kingine badala ya 1, si tasa. Basi, kesi imekwisha.

Chukua 91. Wengi huidhania tasa, na nimewaona hata watu wazima wakiapa. Tunataka baki la 2⁹⁰ ukiigawa kwa 91. Hatutazidisha mbili tisini. Tutakwenda kwa kuzidisha kila jibu kwa lenyewe. 2² ni 4. 2⁴ ni 16. 2⁸ ni 256. Toa 91 mara mbili, inabaki 74. 2¹⁶ ni 74 × 74, yaani 5476. 91 mara 60 ni 5460, baki 16. Hapo mambo yanajirudia: 2³² inabaki 74, 2⁶⁴ inabaki 16. Na 90 ni 64 + 16 + 8 + 2, kwa hiyo tunazidisha mabaki manne: 16, 16, 74 na 4. 16 kwa 16 inabaki 74. 74 kwa 74 inabaki 16. 16 kwa 4 ni 64.

Baki ni 64. Ingekuwa tasa, ingebaki 1. Kwa hiyo 91 si tasa, na katika hesabu yote hiyo hatukuzitaja 7 na 13 hata mara moja. Rudia hapo polepole mpaka ikuingie, kwa sababu jibu la swali lako liko palepale. Sentensi «namba hii ina vigawo» na sentensi «vigawo vyake ni hivi» ni habari mbili tofauti, na ya kwanza inaweza kufika bila ya pili.

Mwanafunzi mjanja atanikatiza hapa: 64 toa 1 ni 63, na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya 63 na 91 ni 7, mbona ufa huo umeonekana? Ni kweli, na si bahati nasibu tupu. Umeonekana kwa sababu 7 − 1, yaani 6, inagawanya 90, ilhali 13 − 1 haigawanyi. John Pollard aliifanya hila ya namna hii kuwa mbinu kamili mwaka 1974. Inafanya kazi pale kigawo kinapokuwa na tabia nzuri. Kwenye namba yako imejaribiwa sana, na haijatoa kitu.

Ila usidhani umeshapata dawa ya kila kitu. Rudia jaribio la 91 kwa kutumia 3 badala ya 2. 3⁶ ni 729, na 728 ni 91 mara 8, kwa hiyo 3⁶ inabaki 1, na 3⁹⁰ nayo inabaki 1. Chungu kina ufa na kimelia vizuri! Tatu ni shahidi wa uongo kwa 91. Zipo hata namba ambazo karibu mashahidi wote ni waongo: 561, ambayo ni 3 × 11 × 17, inabaki 1 kwa kila a isiyoshiriki kigawo nayo. Hizo zinaitwa namba za Carmichael, na mwaka 1994 ilithibitishwa kwamba hazina mwisho. Kwa hiyo baki tofauti na 1 ni hukumu, lakini baki 1 si hukumu, ni kwamba hujasikia ufa tu.

Namba yako ina mtego wake hapa, na nilinaswa nao nilipokuwa mwanafunzi. Niliandika programu fupi, nikatumia 2 kama shahidi, ikajibu 1, nikakimbia kwa mwalimu wangu nikimwambia vitabu vimekosea. Hakunicheka. Aliniambia nijaribu 2047, ambayo ni 2¹¹ − 1. Sote tunajua 2047 ni 23 × 89. Lakini 2¹¹ ni 2048, inabaki 1. Na 2046 ni 11 mara 186. Basi 2²⁰⁴⁶ lazima ibaki 1. Ndivyo ilivyo kwa kila namba ya aina hii yenye kipeo tasa: 2 itaitetea daima, kwa sababu namba yenyewe imefinyangwa kwa mbili. Ni kama kumwita ndugu wa mshtakiwa atoe ushahidi. Tumia 3. Kama una Python (lugha ya kuandikia programu) kwenye kompyuta mpakato, andika N = 2**1277 - 1, kisha pow(3, N-1, N). Kabla hujainua kidole utapata namba inayojaza skrini, na si 1. Hapo utakuwa umethibitisha mwenyewe, nyumbani kwako.

Kwa namba za aina ya 2ⁿ − 1, ambazo huitwa namba za Mersenne kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne, kuna kipimo kizuri zaidi, kisichodanganya upande wowote. Édouard Lucas alikianzisha miaka ya 1870, Derrick Lehmer akakisafisha miaka ya 1930. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki. Rudia. Kama kipeo ni p (tasa, kuanzia 3), fanya hivyo mara p − 2. Ukifika sifuri, namba ni tasa. Usipofika, si tasa. Hakuna shahidi wa uongo.

Kwa 31, yaani 2⁵ − 1, tunakwenda mara tatu: 4, 14, kisha 194 inayobaki 8, kisha 62 inayobaki 0. Tasa. Kwa 2047 tunakwenda mara tisa: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Si sifuri, kwa hiyo si tasa. Sasa itazame hiyo 1736 uniambie 23 na 89 zimejificha wapi ndani yake. KKS ya 1736 na 2047 ni 1. Safari hii kipimo kimetoa hukumu bila kutaja jina la mtu.

Kwa 2¹²⁷⁷ − 1 hatua ni 1275. Kwa kalamu ni kazi ya kumzeesha mtu. Lakini mwaka 1952 Raphael Robinson, mwanahisabati wa Berkeley, aliandika programu ya kipimo hiki kwa ajili ya kompyuta iliyoitwa SWAC, kule Los Angeles, ikapima vipeo vyote tasa hadi 2300 na kidogo. Mwaka huo ulitoa namba tasa tano mpya za Mersenne: vipeo 521, 607, 1279, 2203 na 2281. Soma tena: 1279. Hao 1277 na 1279 ni namba tasa pacha, zimeachana kwa 2 tu. Mmoja, 2¹²⁷⁹ − 1, ni tasa yenye tarakimu 386. Mwenzake ana ufa. Tangu hapo hesabu hiyo imerudiwa na mashine nyingi kwa programu tofauti, kwa hiyo usihofu kwamba SWAC ilipitiwa na usingizi.

Na hii si mara ya kwanza kukaa na ufa usioonekana. Mersenne mwenyewe mwaka 1644 aliiweka 2⁶⁷ − 1 kwenye orodha yake ya tasa. Lucas akagundua mwaka 1876 kwamba si tasa, bila kujua kigawo. Miaka 27 ikapita hivyo. Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati wa Marekani mjini New York, Frank Nelson Cole alisimama ubaoni, na inasimuliwa kwamba hakusema neno. Upande mmoja alikokotoa 2⁶⁷ − 1, akapata 147573952589676412927. Upande wa pili akaandika 193707721 × 761838257287, akazidisha mstari kwa mstari kwa mkono. Majibu yalipolingana akarudi kuketi, ukumbi ukapiga makofi. Inasemekana alipoulizwa kazi ilimchukua muda gani, alijibu: Jumapili za miaka mitatu. Kuzidisha kulichukua dakika chache. Miaka mitatu ilikwenda katika kutafuta.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda mwenyewe. Hatujavijua vigawo vya 2¹²⁷⁷ − 1, lakini tabia zao tunazijua. Tuseme q ni kigawo tasa. Mabaki ya vipeo vya 2, ukigawa kwa q, huzunguka na kujirudia. Kwa kuwa 2¹²⁷⁷ inabaki 1, na 1277 ni tasa, mzunguko huo una urefu wa 1277 kamili. Fermat naye anasema 2 kwa kipeo cha q − 1 inabaki 1. Basi 1277 lazima iigawanye q − 1. Na q − 1 ni shufwa. Kwa hiyo q ni lazima iwe 2554 mara k, jumlisha 1. Juu ya hilo kuna sharti jingine la zamani: q ikigawanywa kwa 8 lazima ibaki 1 au 7. Hilo linaacha k zinazogawanyika kwa 4, na zile zinazobaki 3 zikigawanywa kwa 4.

Tutembee kidogo. k = 3 inatoa 7663, ambayo ni 79 × 97, si tasa, ruka. k = 4 inatoa 10217, ni 17 × 601, ruka. k = 7 inatoa 17879, ni 19 × 941. k = 8 inatoa 20433, inagawanyika kwa 3. k = 11 inatoa 28095, inaishia na 5. k = 12 inatoa 30649, na hiyo ni tasa. Huyo ndiye mshukiwa wa kwanza halali. Kila kitu chini ya 30649 kimetoka kwenye orodha bila kugusa tarakimu 385. (30649 nayo haigawanyi, usiwahi kuniandikia.)

Kuna jingine. Namba yako ikigawanywa kwa 8 inabaki 7. Vigawo vyake tasa vyote vinabaki 1 au 7. Zidisha zinazobaki 1 kadiri upendavyo, zao linabaki 1. Kwa hiyo lazima awepo angalau mmoja anayebaki 7, na idadi ya hao wa 7 ni witiri. Ukitaka kuhakikisha, tazama 2047: 89 inabaki 1, 23 inabaki 7. Tazama namba ya Cole: ya kwanza inabaki 1, ya pili 7. Hivi ndivyo tunavyoishi na vigawo hivi: hatujui majina yao, ila tunajua ukoo wao na alama waliyozaliwa nayo.

Utaniuliza, mbona hawavitafuti? Wanavitafuta. Kwa miaka mingi watu wa kujitolea wameielekezea kompyuta zao mbinu zote zinazojulikana, kuanzia ya Pollard hadi ile ya Hendrik Lenstra inayotumia mikunjo ya aljebra na inayofaa kunasa vigawo vya ukubwa wa kati. Hakijanaswa kitu, jambo linaloashiria kwamba hata kigawo kidogo kuliko vyote ni kikubwa mno. Kuna mbinu nzito zaidi, ya kuchekecha, isiyojali ukubwa wa kigawo bali ukubwa wa namba nzima. Kwa mbinu hiyo, mwaka 2012 waliivunja 2¹⁰⁶¹ − 1, yenye tarakimu 320, ikatoka vipande viwili, kimoja tarakimu 143 na kingine 177. Tarakimu 320 hadi 385 zinaonekana karibu, lakini kazi haiongezeki kwa kujumlisha. Kila hatua inaizidisha. Nadhani itavunjika siku moja. Siku gani, siwezi kusema.

Na tofauti hii kati ya kusikia ufa na kuuona ufa inalinda fedha zako. Mfumo wa RSA, wa kufunga taarifa kwa siri, uliobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, unasimama juu yake. Mashine inachagua namba mbili tasa kubwa (kuzipima ni rahisi, umeona), inazizidisha, na zao lake linatangazwa hadharani. Dunia nzima inajua zao hilo si tasa. Kulivunja ndiyo shida. Mwaka huohuo wa 1977 walitoa changamoto ya namba ya tarakimu 129 pamoja na zawadi ya dola 100. Ilivunjwa mwaka 1994, kwa msaada wa watu wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao kwa intaneti. Mwaka 2020 ilivunjwa ya tarakimu 250. Funguo zinazotumika sana leo zina tarakimu 617.

Ila nisikufiche kitu. Upande wa kupima tuna uthibitisho: mwaka 2002 Agrawal, Kayal na Saxena wa Kanpur, India, walionyesha kwamba kujua kama namba yoyote ni tasa kunawezekana daima kwa njia ya haraka, bila kubahatisha. Upande wa kuvunja hatuna uthibitisho wowote kwamba njia ya haraka haipo. Hatujaiona tu. Na Peter Shor alishaonyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta ya kwanta (inayokokotoa kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo), ikiwa kubwa vya kutosha na imara, ingeweza kuzivunja namba hizi.

Nakuachia kazi. Chukua 2²⁹ − 1, yaani 536870911. Uivunje yote kwa kalamu, bila kompyuta, kwa kutumia masharti yale mawili: kila kigawo tasa ni 58k + 1, na kikigawanywa kwa 8 kinabaki 1 au 7. Utakuta 59, tasa ya kwanza unayokutana nayo, inaanguka kwenye sharti la pili, na cha kwanza cha kweli hakiko mbali nayo. Vigawo ni zaidi ya viwili. Nitumie karatasi ya kukokotolea pamoja na majibu. Majibu matupu nitakurudishia.